Dakika Zinapotelea Wapi? Kazi ya Idara ya Zimamoto na Uokoaji

Mheshimiwa mwenyekiti, wenyeji wetu, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kazi za idara ya zimamoto na uokoaji ya manispaa. Ningeweza kuwatajia moja moja: kuzima moto, kukata gari lililombana dereva, kumtoa aliyetumbukia kisimani, kudhibiti kemikali iliyomwagika, kukagua majengo, kutoa mafunzo. Hayo mnayajua. Mimi nataka tufuatilie kitu kimoja tu, nacho ni dakika. Lawama inayotupwa kwa zimamoto ni ile ile kila mji: "Wamechelewa." Haya, tuzihesabu hizo dakika.

Za kwanza ni za moto wenyewe, kabla hajajua mtu. Moto ukianzia kwenye kochi, kwa muda unakula kochi tu. Lakini moshi wake wenye joto kali unapanda, unatanda darini, unazidi kupata joto. Ukifikia nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, unaanza kuchoma kutoka juu. Zulia, meza na pazia vinatoa gesi kwa joto hilo, na ghafla chumba kizima kinawaka kwa pamoja. Aliyekuwa bado humo ndani, sitawadanganya, hatutamkuta hai.

Je, inachukua muda gani kufika hapo? Majaribio yaliyofanywa Marekani yalilinganisha vyumba viwili. Chenye samani za zamani, za mbao na pamba, kilichukua karibu nusu saa. Chenye samani za kisasa hakikumaliza dakika 5. Sponji na plastiki zinatokana na mafuta ya petroli, na sisi tumezivika kitambaa kizuri tukazilalia. Ndiyo maana nasema kuwa kazi yetu imekuwa ngumu zaidi hata pale magari yalipokuwa bora zaidi.

Na wengi wanaokufa kwenye moto wa nyumba hawafi kwa kuungua. Wanauawa na moshi. Ndani yake mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haimwamshi. King'amua moshi cha bei ndogo, kile kifaa kinacholia kikihisi moshi, kinarudisha dakika ambazo gari letu haliwezi kuzirudisha. Mlango wa chumba uliofungwa usiku nao unafanya kazi hiyo, tena bure. Mkishatoka, fungeni mlango nyuma yenu. Watu huuacha wazi wakidhani wanaturahisishia, kumbe wanaulisha moto hewa.

Tuje kwenye simu. Novemba 1935, nyumba moja ya mtaa wa Wimpole, London, iliwaka moto na wanawake watano wakafa. Jirani aliyejaribu kuita zimamoto alikwama kwenye foleni ya simu, pamoja na watu waliokuwa wanapiga kwa mambo yao ya kawaida. Malalamiko yaliyofuata yakazaa namba 999, iliyoanza kutumika London mwaka 1937, namba ya dharura ya kwanza ya aina yake. Namba yoyote mliyo nayo leo ina damu ya watu nyuma yake. Kwa hiyo anayepiga kwa mzaha namwona ni mwizi. Anaiba gari kutoka kwa mtu anayelihitaji kweli.

Ukipiga, anza na mahali. Mengi mengine tutauliza tukiwa njiani. Asilimia kubwa ya wapigaji huanza na kilio, kisha maelezo ya namna moto ulivyoanza, kisha simu inakatika. Tunabaki na moto tusiojua uko wapi.

Baada ya simu ndipo zinaanza dakika zetu halali. Kiwango cha Marekani kinachotajwa sana, NFPA 1710, kinawapa askari wa kudumu sekunde 80 kuvaa na kutoka kituoni kwa tukio la moto, na dakika 4 za barabarani kwa gari la kwanza. Sekunde 80 ni suala la mazoezi, tunalimudu. Dakika 4 ni suala la mahali kituo kilipojengwa, na hilo halimo mikononi mwa askari. Limo mikononi mwa baraza linalogawa viwanja na bajeti. Mji ukipanuka maradufu na kituo kikabaki kimoja, dereva hata awe hodari vipi ataonekana mvivu.

Tukifika, tunakuta magari yameegeshwa pande zote za njia. Tunakuta geti limefungwa na mlinzi ameukimbia moto akiwa na ufunguo. Na tunakuta suala la maji. Tuchukue gari lenye tangi la lita 4,000. Mpira mmoja ukimwaga lita 500 kwa dakika, tangi ni la dakika 8. Mipira miwili, dakika 4. Kama haidranti ya karibu, yaani bomba la mtaani la kujazia maji magari ya zimamoto, imefukiwa chini ya lami au imejengewa kibanda juu yake, gari litaondoka kwenda kufuata maji, na umati utasema, "Wamekuja bila maji." Walikuja nayo.

Jambo lingine linaloudhi umati ni kuona mkuu wa kikosi akizunguka jengo badala ya kurukia moto. "Mnazunguka nini?" Anatafuta mitungi ya gesi, nyaya za umeme, ngazi, na dirisha lenye mtu. Hizo sekunde chache ndizo zinazoamua mpira uingie kwa mlango upi. Kuingia huko nako kuna historia. James Braidwood, aliyeanzisha kikosi cha manispaa ya Edinburgh mwaka 1824, aliwafundisha vijana wake waingie ndani na kuupiga moto penye chimbuko lake. Kumwagia maji paa kutoka barabarani aliona ni kuloweka nyumba tu. Alikufa kazini London mwaka 1861, ukuta ulipomwangukia katika moto wa Tooley Street.

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle, New York, kiliungua. Kilikuwa ghorofa ya 8, 9 na 10. Zimamoto walifika upesi sana. Hakuna aliyeweza kuwalaumu kwa hilo. Lakini ngazi zao ziliishia kama ghorofa ya 6, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji. Dakika ziliokolewa barabarani zikapotea kwenye kitasa.

Kitasa kile alipaswa kukikuta mkaguzi, wiki au miezi kabla. Warumi walilielewa hili. Kaisari Augusto aliunda vikosi saba vya walinzi wa moto mwaka 6 baada ya Kristo, na sheria za Kirumi zikampa mkuu wao kazi ya kuwaonya wapangaji waweke maji katika vyumba vya juu, na ruhusa ya kuwaadhibu kwa fimbo wazembe wa moto. Fimbo siiombi. Ninachoomba ni mkaguzi mwenye nguvu ya kufunga ukumbi na asipigiwe simu na mkubwa jioni ile ile akiambiwa aufungue. Nikiambiwa nichague kati ya gari jipya la ngazi na wakaguzi wa namna hiyo, nitachukua wakaguzi. Najua gari ndilo linalozinduliwa kwa utepe na picha. Mkaguzi huambulia chuki za wafanyabiashara.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Niishie hapa tuingie maswali, maana kuna mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja haidranti zilizojengewa vibanda. Karibu, mzee wangu.