Pima mwenyewe tope la mto wa mlimani

Haya wadau, leo tupo Uluguru, Morogoro, hii mito ya huku inashuka inaingia Ruvu na Ruvu ndo Dar wanakunywa, kwa hiyo tope la huku juu na wewe wa Kimara linakuhusu.

Tafuta bomba la plastiki linaloonesha, mita moja hivi. Kwenye kifuniko chora duara, gawa robo nne, paka mbili nyeusi mbili nyeupe zikipishana, rangi isiyotoka na maji, kifuniko hicho ndo uzibe chini ya bomba, duara litazame ndani, pasivuje. Pembeni bandika futi ya fundi cherehani, sifuri ianzie usawa wa duara.

Kuchota sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Ingia taratibu, uso uelekee maji yanakotokea, chota mbele yako, maana ukichota nyuma ya miguu unapima tope ulilolitibua mwenyewe. Jaza bomba fasta mchanga usituame, lipe jua mgongo, vua miwani ya jua, chungulia kwa juu. Duara huoni? Mwaga kidogo kidogo, nyeusi na nyeupe zikianza tu kutofautiana acha hapo hapo, soma sentimita. Namba kubwa ndo maji masafi. Rudia mara tatu, chukua ya katikati.

Pima maji yanapotoka msituni, kisha chini ya mashamba. Juu ukiona duara na bomba limejaa, chini ukapata sentimita 15, tope limeingia hapo katikati, tembea kingoni uangalie, watu wanafyatua tofali, ng'ombe wanashuka kunywa, shamba limefika mpaka majini wakati sheria ya mazingira ya 2004 inataka likae mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Mvua ikinyesha mto utachafuka tu, hiyo kawaida, usianze kulaumu watu. Cha kuangalia unatakata lini, kwa hiyo rudi kila siku. Mvua imekata wiki nzima na maji bado chai ya maziwa? Udongo unahama huko juu, na ukituama unaziba mianya ya mawe wanamokaa wadudu wa maji. Ila yakiwa chai ya rangi na mawe ya chini unayaona, hayo ni majani ya msituni, siyo tope.

Na bomba halioni vijidudu jamani, hata yakiwa meupe pee, ya kunywa chemsha.