Sistimu Ikizimika Siku ya Soko: Maongezi na Wafanyabiashara wa Busia

Asanteni sana, mzee mwenyekiti asante, na mama zangu mliofunga maduka mapema kuja hapa nawashukuru kwa kweli, najua saa hizi ndio mizigo inashuka. Nimeombwa nizungumze habari ya hizi sistimu za biashara, za kuuzia, za stoku, za akiba za SACCO, kwamba siku yule aliyekuuzia akifunga ofisi, au seva yake, ile kompyuta inayotunza data yako, ikianguka, wewe unarudije kazini. Mimi ni mtu wa kompyuta miaka mingi lakini hili jambo nimelijua kwa kuumia, kwa hiyo naanzia hapo.

Kuna SACCO moja ndogo nilikuwa naisaidia, jina naliacha, walinunua sistimu kwa kampuni ya vijana wawili watatu hivi. Kila jioni ile sistimu inatoa bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, faili moja, karani anaiweka kwenye flashi, flashi inaingia kabatini, kabati linafungwa. Mimi mwenyewe nikawaambia hapa mko salama. Alafu ile kampuni ikafa. Simu hazishikwi, laisensi ikaisha muda, programu ikakataa kufunguka. Tukatoa flashi tukaichomeka kwenye laptopu ingine, na kumbe lile faili halisomwi na kitu chochote isipokuwa ile ile programu iliyokataa kufunguka. Bakapu ipo na hakuna mtu anaweza kuitumia. Nje wanachama wamesimama na vitabu vyao mkononi, mama mmoja anataka fizi ya mtoto, shule inafunguliwa Jumatatu. Uso wa yule mama bado ninao mpaka leo.

Kilichotuokoa ni karani. Hakuna aliyemwambia, ni tabia yake tu, kila mwisho wa mwezi alikuwa anachapisha salio za wanachama wote kwenye karatasi. Tukaanzia kwenye ile karatasi, tukaongeza stakabadhi za wiki tatu moja moja, tukakaa siku tisa tunapiga hesabu usiku na mchana.

Kwa hiyo leo nimekuja na jambo hili moja: bakapu inayomhitaji aliyekuuzia ndio isomeke, hio ni yake, sio yako. Toa data yako kwa namna ambayo Excel inafungua, au PDF, majina, salio, madeni, stoku, bei za kununulia. Sistimu nyingi zina hio batani ya kutoa data, ni vile hatuibonyezi. Na kama unaenda kununua mpya, kabla hujalipa hata shilingi muulize, nikitaka kuondoka kwako leo data yangu unanipa vipi, kwa siku ngapi, alafu jibu lake liandikwe kwenye mkataba. Wale mnaotengenezewa programu yenu wenyewe kwa pesa nyingi, ombeni "source code", yale maandishi ya fundi yanayoiunda programu, iwekwe kwa wakili, na iandikwe kwamba kampuni ikifungwa nyinyi mnapewa, ili fundi mwingine aweze kuendelea.

Msidhani ni kampuni ndogo tu zinaanguka. Mei 2024 kule Australia kuna mfuko wa pensheni unaitwa UniSuper, wanachama zaidi ya 600,000, sehemu kubwa ya mfumo wao uliokuwa Google Cloud, yaani kwenye seva za kukodi za Google, ilifutika kwa kosa la upande wa Google, watu wakakaa zaidi ya wiki hawaoni akaunti zao. Moja ya vitu vilivyowasaidia kurudi ni nakala walizokuwa wameweka kwa kampuni nyingine kabisa. Na tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud liliungua kule Strasbourg, Ufaransa, kuna wateja bakapu zao zilikuwa hapo hapo kwenye moto. Kwa hiyo flashi kukaa droo moja na kompyuta ya duka haitoshi, mwizi akija anabeba vyote, nakala moja ilale nyumbani.

Intaneti nayo si mnakumbuka Januari 2021, wakati wa uchaguzi wa Uganda, ilivyozimwa siku kadhaa, na Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zikakatika ukanda huu wote ukawa mzito. Siku kama hizo aliyekuuzia sistimu hajafanya kosa lolote, ila duka limesimama. Weka kitabu cha risiti chenye namba, kiwe karibu na kaunta, na bei zimechapishwa, alafu mtandao ukirudi mtu mmoja aingize kila kitu kwa kufuata zile namba, wasiingize watu wawili maana mtarudia.

Sasa funguo. Hapa ndio naona watu wengi wanakwama. Ile paswadi kubwa ya sistimu anayo nani? Ile namba ya simu inayopokea meseji ya namba za siri za kuingilia, laini ni ya nani? Mara nyingi ni ya kijana aliyeacha kazi mwaka jana. Tarehe 19 Julai 2024 apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani, na nyingi ilibidi fundi aifikie moja moja kwa mkono, na zile zenye diski iliyofungwa kwa namba za siri zinadai ufunguo huo kwanza, aliyekuwa ameuweka ndani ya seva iliyozimika akabaki anaitazama tu. Andika hizo paswadi kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, ifunge, mwenye duka akae nayo na mtu mmoja anayemwamini.

Kuna mzee ameuliza hapo nyuma, bakapu nifanye kila baada ya siku ngapi. Mzee wangu, wewe mauzo ya siku ngapi unaweza kuyaandika upya kwa kukumbuka? Kama ni ya leo tu, basi kila jioni. Duka la hadiwea lenye wateja wa mkopo hata mchana ufanye.

Jumapili baada ya ibada nitakuwa hapa hapa. Njooni na nakala yenu ya mwisho na laptopu ambayo haijawahi kuwekwa ile sistimu, tutatafuta salio za wateja watatu tuone inachukua dakika ngapi. Mama mwenye duka la vitenge ameshasema anakuja, tutaanza na yake.