Treni ya Namba: 123 Inapokuwa Tasa

ZAWADI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, hapa Tabora, mji ambao reli ya Kigoma na ya Mwanza huachana. Mwalimu Hamisi, ulinipa kazi ya kuunga namba kuanzia 1 kama mabehewa, yaani 12, 123, 1234 na kuendelea, hadi nipate iliyo tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Nilishindana na 1234567 mpaka chai ikapoa, kisha 127 ikaingia humo mara 9,721 kamili.

HAMISI: Usijilaumu, dada. Kompyuta zimekwisha kuunga namba laki kadhaa, na hadi leo haijapatikana hata moja iliyo tasa. Wengi huondoka mapema: treni inayoishia kwa tarakimu shufwa au 5 haifai, na jumla ya tarakimu huondoa nyingine zinazogawanyika kwa 3, hivi kwamba katika kila namba 30 zinazofuatana za kuishia treni hubaki 4 tu za kuchunguza.

ZAWADI: Na tukibadili kizio, yaani tukihesabu kwa mafungu ya tatu au nane badala ya makumi?

HAMISI: Hapo ndipo pananoga. Katika kizio cha tatu, baada ya 2 huja 10, kwa hiyo 12 ni tatu moja na mbili, yaani 5, nayo ni tasa. Unga 1, 2, 10, 11 na 12, utapata 12101112, ambayo kwa hesabu yetu ya kawaida ni 3,929, tasa pia. Katika kizio cha nane, 123 ni 64 na 16 na 3, yaani 83.

ZAWADI: Lakini 123 yetu ni 3 mara 41! Utasa umetoka wapi?

HAMISI: Utasa ni wa kiasi, si wa mwandiko. Maembe 83 hayapangiki katika mafungu yaliyo sawa, uyaandike vyovyote, isipokuwa embe mojamoja au fungu moja tu. Kizio hubadili kiasi kinachotajwa na treni ileile ya tarakimu.

ZAWADI: Basi kizio chetu cha kumi kina mkosi?

HAMISI: Sidhani. Treni inayofika 1,000 ina tarakimu 2,893, na namba kadiri inavyorefuka ndivyo uwezekano wa kuwa tasa unavyopungua; hata hivyo, ukijumlisha uwezekano huo mdogo mdogo, jumla hukua bila kikomo, ila kwa mwendo wa kobe. Ndiyo maana watafutaji hutarajia kwamba zipo, ingawa uthibitisho hawana.

ZAWADI: Na tukiunga kwa kurudi nyuma?

HAMISI: Ukianza na 82, kisha 81, 80, hadi 1, unapata namba tasa ya tarakimu 155. Tazama mwisho wake: treni ya kurudi nyuma daima huishia kwa 1, kwa hiyo vikwazo vya 2 na 5 havipo tena, kinabaki kile cha 3 peke yake, nacho hupitwa pale tu namba ya kuanzia ikigawanywa kwa 3 inapobakiza 1, kama ilivyo 82.