Ami kaniuliza: bahari unainunua?

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Nyumbani hamjambo? Waliozoea kuniona na koti zito na mvua ya Leicester, Uingereza, nyuma yangu, leo wataona minazi. Niko Wesha, Pemba, kwa bibi, likizo ya wiki tatu, na huyu anayekohoa hapa pembeni ni ami yangu, mvuvi wa madema tangu sijazaliwa. Video hii ni yake.

Juzi baada ya isha tumekaa barazani, nikamwonesha kwenye simu tangi langu la kioo la samaki na matumbawe ya baharini, lililoko nyumbani Leicester. Nimeweka kamera pale, naliona popote nilipo. Akatizama, akatizama, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, bahari unainunua?" Nikamwambia ami, chumvi nainunua, maji nayachuja, na bahari naichanganya mwenyewe kwenye pipa. Akanyamaza. Na swali lake ndilo mnaloniandikia nyote, kwa hiyo leo nalijibu kwa kituo.

Tangi lina urefu wa sentimita 210, upana 70, kina 60. Piga hesabu, utapata karibu lita 880. Lita moja ni kilo moja, na bahari ni nzito zaidi kidogo. Ongeza vioo, mawe na kabati la chuma linalolibeba, hapo una zaidi ya tani moja imesimama pahala pamoja. Ndiyo maana nimeliweka chini, juu ya sakafu ya zege, na kitu cha kwanza nilichonunua kilikuwa pimamaji. Tangi likiinama kidogo tu, uzito wote unalalia upande mmoja, na kioo hakisamehe.

Maji ya bomba ya kule hayaingii hivi hivi, yana dawa na madini. Nayapitisha kwenye mtambo wa kuchuja mpaka yanabaki maji matupu, ndipo natia chumvi maalumu. Chumvi ya jikoni haifai, haina magnesi wala kalsiamu ya kutosha. Ni gramu 35 na ziada kidogo kwa lita moja, pampu inakoroga usiku kucha, asubuhi napima. Kila Jumapili natoa lita 90 na kurudisha lita 90. Ami aliposikia hayo akanyoosha mkono kuelekea bandarini: "Na haya je?" Ami, haya siku za bamvua yanapanda na kushuka karibu mita 4, mara mbili kwa siku. Hiyo Jumapili yangu ya ndoo na mipira, Mwenyezi Mungu anaileta hapa mlangoni kwako kila siku, nawe umelala.

Mwanzoni nilikaa wiki sita na mawe na maji tu, hakuna samaki hata mmoja. Nilikuwa nawangoja bakteria. Samaki anatoa amonia, na amonia ni sumu. Bakteria wa kwanza wanaigeuza naitraiti, ambayo ni sumu pia, wa pili wanaigeuza naitreti, ambayo samaki anaivumilia. Wakikosekana hao, samaki wote wanakufa. Nawaombeni msiharakishe hapo.

Halafu kuna mtambo wa povu. Mnalijua povu la rangi ya chai linalojikusanya ufukweni kusi ikivuma? Uchafu wa viumbe unang'ang'ania kwenye mapovu, upepo unayasukuma pwani. Mtambo wangu unafanya hivyo hivyo ndani ya mrija: mapovu madogo yanapanda na uchafu, yanamwagika kwenye kikombe. Kikombe kikijaa kinakuwa cheusi kama kahawa iliyolala, na kinanuka. Nakimwaga kwa furaha, maana yote hayo yangeoza ndani.

Sasa nisogeze kamera. Hiki ni kijaluba cha bibi, na hii ni chokaa anayopaka kwenye tambuu. Nachukua kidogo kwa ncha ya kijiko, natia kwenye glasi ya maji. Yamekuwa meupe kama tui. Nayaacha juu ya meza.

Haya, imepita nusu saa. Chokaa imelala chini, juu maji yamekuwa safi kama hayana kitu. Na tizameni usoni pa maji: pana utando mwembamba, kama ule wa maziwa yaliyopoa. Naugusa kwa kisu, unavunjika vipande vipande. Huo ni jiwe. Chokaa imekutana na hewa ya kaboni, ile tunayoitoa puani, ikageuka jiwe. Tumbawe nalo linajenga mwili wake kwa jiwe hilo hilo. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa iliyozishikisha ilichomwa kwa matumbawe.

Tumbawe linakula kalsiamu ya maji kila siku likikua. Baharini haiishi, kwenye tangi inaisha. Kwa hiyo usiku nadondosha maji ya chokaa, yale safi ya juu, tone baada ya tone. Kalsiamu naiweka karibu na miligramu 420 kwa lita, na alkali, yaani nguvu ya maji kuhimili tindikali, kati ya digrii 8 na 9 za kipimo cha Kijerumani. Napima kwa matone yanayobadili rangi. Chokaa yangu ni safi, ya kazi hiyo. Kijaluba cha bibi kiacheni kwa tambuu.

Chokaa hiyo ilinitoa machozi mwaka jana. Tangi lina boya dogo: maji yakipungua kwa mvuke, boya linashuka, pampu inaongeza maji ya chokaa. Usiku mmoja wa Februari konokono akapanda juu ya boya akalikalia, nalo likabaki chini. Pampu ikasukuma mpaka alfajiri. Niliamka kwa sala, nikakuta tangi zima jeupe, sioni hata jiwe la mbele. Pe-hachi, kipimo cha tindikali na alkali ya maji, ambayo huwa 8.2, ilikuwa imepita 9. Nikatoa lita 200 nikatia mpya, baba watoto akaenda kazini kachelewa, mimi sikwenda kabisa. Samaki walipona wote. Lakini lile tumbawe la matawi, mfano wa pembe za paa, nililolilea miaka mitatu kutoka kipande cha urefu wa kidole, lilianza kuvuka ngozi kutoka shinani. Kwa siku mbili likabaki jiwe tupu. Sasa nina maboya mawili na saa inayozima pampu, mmoja akikosea mwenzake anashika.

Kijana wa Mkoani uliyeniuliza kama unaweza kufanya nyumbani, maji unayo bure, lakini yachukue mbali na pwani, wakati wa kujaa. Shida yako ni joto. Mimi kule nalipia kupasha maji yafike nyuzi 26. Wewe utalipia kuyapoza. Ndani ya nyama ya tumbawe mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ndio unaolilisha kwa nguvu ya jua. Joto likizidi kwa wiki kadhaa tumbawe linautoa, linabaki jeupe. Ndivyo ilivyokuwa bahari yetu mwaka 1998, na tena 2016. Na umeme fikiria mapema: pampu zikisimama, hewa ndani ya maji inapungua kwa saa chache tu. Wenzetu wa Unguja waliokaa gizani miezi mitatu tangu Disemba 2009 wanaelewa ninachosema. Na tafadhali, usiende mwambani na nyundo. Matumbawe ya mawe yamo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini na baharini, na yangu yote ni vipande vya matumbawe yaliyozalishwa kwenye matangi ya watu.

Jana tulikwenda Misali, kisiwa cha hifadhi tangu 1998. Nikampa ami miwani ya kuzamia. Miaka yote ameshusha madema kwenye bahari hii akitizama kutoka juu. Aliinamisha uso majini, akakaa, nikaanza kuingiwa na hofu. Alipoinuka alisema, "Yanapumua." Alikuwa ameona vile vidole vidogo vya tumbawe vinavyofunguka na kujikunja.

Leo asubuhi shemegi anayenitunzia tangi alipiga simu ya picha, anatayarisha maji ya chokaa. Ami kanipokonya simu, kaisogeza karibu kabisa na uso: "We kijana! Tone tone! Usimimine!"