Usiulize Kama Kimesimama: Sisi na Transi Katika Kiti cha Saikloheksani

Mhadhara kwa wanafunzi wa kemia, Mombasa

Asalaam aleikum, na habari za mchana kwa wote. Ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Nianze na aibu yangu. Nikiwa mwanafunzi nilipewa kiti cha saikloheksani, yaani pete ya kaboni sita iliyokunjika kama kiti, chenye methili mbili (vikundi vya kaboni moja na hidrojeni tatu), kaboni ya 1 na ya 2, zote zimesimama wima. Nikaandika isoma-sisi papo hapo: si zimefanana? Nikala sifuri. Na hii sisi, msinicheke, si ya mimi na nyinyi. Ni vikundi viwili kukaa upande mmoja wa pete. Vikiachana, kimoja juu na kingine chini, ni transi.

Pete hii ya kaboni sita si bapa kama sahani. Hermann Sachse alilisema hilo mwaka 1890, wachache wakamsikiliza. Odd Hassel na Derek Barton walikuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1969 kwa kazi ya maumbo kama haya. Tazameni ubaoni: ncha moja imeinuka, nyingine imeinama. Kuna umbo la mashua pia, lakini leo tumekalia kiti.

Kila kaboni ina nafasi mbili. Aksiali ni wima kabisa: ikienda juu ni mlingoti, ikienda chini ni nanga. Ekwatoriali hutoka ubavuni kama mrengu wa ngalawa. Hapa ndipo wengi huzama, kwa sababu mrengu huo haulali sawasawa. Huinuka au kuinama kidogo, na daima kinyume cha aksiali ya kaboni ileile. Ukitatizwa nao, muulize mwenzake aliyesimama kwenye kaboni hiyo hiyo, kisha geuza jibu.

Aksiali nazo hupokezana: kaboni ya 1 mlingoti, ya 2 nanga, ya 3 mlingoti, hivyo hivyo hadi ya 6. Basi methili zangu zilikuwa moja juu, moja chini. Transi! Lau zingekuwa kwenye 1 na 3, ningepata alama zangu. Na 1 na 4? Hesabuni kwa vidole: juu, chini, juu, chini. Transi tena.

Naam, binti yangu pale nyuma? Pete ikipinduka je? Hupinduka kweli, kiasi cha mara laki moja kwa sekunde katika joto la kawaida. Kila aksiali huwa ekwatoriali, na ekwatoriali huwa aksiali. Lakini aliyekuwa juu hubaki juu. Sisi haiwi transi kwa kupinduka. Ingebidi kifungo kikatwe.

Nani ana pipi ya mnanaa? Mentholi inayokupoza ulimi ina pete hii hii yenye vikundi vitatu: hidroksili (oksijeni na hidrojeni) kwenye 1, isopropili (kikundi cha kaboni tatu) kwenye 2, methili kwenye 5. Zote tatu ni ekwatoriali, raha mustarehe. Mwenye haraka atasema zote ni sisi, kama nilivyosema mimi. Haya: hidroksili na isopropili ni majirani, transi. Isopropili na methili zinakabiliana ng'ambo ya pete, transi. Hidroksili na methili zimeruka kaboni moja tu kati yao: hao ndio sisi.

Chaki hii hapa. Nani atakuja kuipindua ubaoni, zote tatu zisimame?