Herufi Ishirini na Mbili za Kunyamazisha Jeni

(Mhadhara kwa walimu, wanafunzi na wakulima, Tororo)

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi wa Senior Five mliobanana kule nyuma: stima imepotea, basi picha zangu tuzisahau. Chaki ipo.

Ngozi yako na ini lako vina jeni zilezile, kama 20,000 za kutengeneza protini. Mbona basi ini si ngozi? Shuleni tulifundishwa kwamba jeni huwashwa na kuzimwa ndani ya kiini cha seli. Ikiwashwa, nakala yake, RNA mjumbe, hutoka kwenda kutengenezewa protini. Ni kweli, ila hadithi haiishii hapo. Nakala ikishatoka huweza kuzuiwa njiani, na mmoja wa wazuiaji ni maikroRNA, kipande kifupi mno cha RNA.

Tulimjua kupitia mnyoo wa urefu wa milimita moja hivi, C. elegans. Mnyoo mwenye hitilafu katika jeni ya lin-4 hurudia mambo ya hatua ya kwanza ya ukuaji, kama mwanafunzi anayerudishwa Senior One kila mwaka. (Msicheke, mwenyewe anajijua.) Mwenye hitilafu katika lin-14 huiruka hatua hiyo. Mwanasayansi Victor Ambros aliisaka lin-4 akakuta haitengenezi protini yoyote, ila kipande cha RNA cha herufi 22 hivi (RNA huandikwa kwa herufi nne: A, C, G na U). Mwenzake Gary Ruvkun alikuwa akiichunguza lin-14. Walipolinganisha herufi zao mwaka 1992, waliona kipande kile kinashikana na mkia wa nakala ya lin-14. Wakachapisha mwaka 1993, na wengi wakaona hayo ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaleta let-7, maikroRNA nyingine, ambayo hata binadamu anayo. Tuzo ya Nobeli ikawajia wawili hao 2024. Subira ya miaka 31!

Nawaandikia let-7 ubaoni:

UGAGGUAGUAGGUUGUAUAGUU

Mnyoo anayo hivyo, na wewe unayo hivyohivyo. Tazameni ya pili hadi ya nane: GAGGUAG. Hiyo ndiyo mbegu. MaikroRNA hubebwa na protini iitwayo Argonauti, ikipapasa mikia ya nakala kutafuta CUACCUC. G hushikana na C, A na U. Isomeni moja kinyumenyume mtaona. Zikishikana, nakala haisomwi vizuri, kisha huharibiwa mapema. Kwa kuwa herufi saba hivi zinatosha, maikroRNA moja huweza kushika nakala za mamia ya jeni. Mara nyingi haizimi kabisa. Hupunguza, kama mama anayevuta kuni moja kutoka mafigani. Katika baadhi ya saratani za mapafu let-7 imepungua, na jeni za RAS, zinazosukuma seli kugawanyika, zinakosa wa kuzivutia kuni.

Mzee pale mbele ameuliza kama muhogo nao unazo. Unazo, mzee wangu. Kwenye mimea maikroRNA hushikana na nakala karibu herufi zote, na mara nyingi nakala hukatwa vipande viwili. Kwa mitambo ya ukoo huohuo mmea hukatakata RNA ya virusi. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Namulonge wamejaribu shambani muhogo ulioongezewa uwezo huo dhidi ya michirizi ya kahawia, ule ugonjwa unaokuacha na majani ya kijani juu na mizizi iliyooza chini. Mzizi mmoja ninao kwenye gunia hili. Sogeeni mezani, na mwenye kisu anipe.