Sampuli Zako Zitalala Wapi?

Habari za asubuhi, na poleni na joto la humu ndani.

Wengi wenu mnajiandaa kwenda kufanya vipimo kwenye maabara za watu, wengine Dar es Salaam, wengine Ulaya. Nawasikia mkiulizana habari za viza na posho. Sijamsikia anayeuliza sampuli zake zitalala wapi usiku ule wa kwanza. Mwenyeji anakupa mashine na muda wa kuitumia, basi. Sampuli ni mzigo wako tangu Ghuba ya Mwanza hadi kwenye pipa la taka.

Chukueni pezi la furu, yule samaki mdogo wa Ziwa Victoria. Umelikata pale Nyegezi, ukalitia kwenye kichupa chenye ethanoli, ukaandika "1" kwa maka peni. Kichupa kikivuja kidogo njiani, ethanoli inafuta wino wote, unafika na vichupa visivyo na jina. Penseli haifutwi na ethanoli. Kata kikaratasi kigumu, andika kwa penseli, kitumbukize humo humo na pezi lako. Halafu hiyo "1" achana nayo, maana friza ya mwenyeji imejaa "1" za wageni wengine. Andika mahali, tarehe na namba, na kwenye daftari namba hiyo hiyo iwe na saa, kina cha maji na vipimo vya GPS.

Kwenye ethanoli nikae kidogo. Nyama ya samaki ina maji mengi. Ukishindilia kichupa, maji hayo yanazimua ethanoli na sampuli inaharibika huku wewe unajua umeihifadhi. Weka kipande kidogo, ethanoli iwe nyingi, na kesho yake uibadilishe. Fomalini, dawa nyingine ya kuhifadhia, inamfaa anayechunguza umbo la samaki. Anayetafuta DNA aiogope. Na kumbukeni ethanoli inashika moto. Kanuni za IATA, umoja wa mashirika ya ndege duniani, zinaruhusu vielelezo visivyo na maambukizi, chombo cha ndani kisizidi mililita 30 na kifurushi kizima kisizidi lita 1, vikifungwa wanavyotaka wao. Malizaneni na shirika la ndege mapema. Kwenye kaunta ya mizigo, foleni ikiwa nyuma yako, hakuna atakayekuwa na muda wa kusikiliza habari za furu.

Wenye sampuli za kugandishwa mtahitaji barafu kavu, na hiyo si ile ya kupozea sangara pale Mwaloni. Ni kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, nyuzi 78 chini ya sifuri, na haiyeyuki kuwa maji, inageuka gesi moja kwa moja. Ukiifungia ndani ya chombo kisicho na pa kupumulia, kitapasuka. Abiria huruhusiwa hadi kilo 2.5, shirika la ndege likikubali.

Wala usibebe kila ulichonacho. Gawa, sehemu ibaki Mwanza. Najua umeme wetu, lakini friza inayozimika mara moja moja ina nafuu kuliko begi lililopotelea uwanja wa ndege wa mbali. Wapima maji, bebeni na chupa ya maji safi ya maabara, isafiri na zile nyingine. Madini yakionekana humo, ujue yametoka njiani au kwenye chupa, si ziwani.

Vibali nitavipitia haraka: COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa utafiti; NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa maadili pale sampuli inapotoka kwa binadamu, kama nyie mnaochunguza kichocho. Mkataba wa kuhamisha sampuli usainiwe kabla hujaondoka, na useme nani anaruhusiwa kuzitumia tena.

Mitambo mikubwa, kama Diamond ya Uingereza inayochunguza sampuli kwa eksirei kali, hugawa muda kwa zamu za saa 8, na sampuli hutajwa kwenye fomu ya usalama kabla hujafika. Ukiongeza kichupa dakika za mwisho kwa sababu kilikuwa na nafasi kwenye boksi, unaweza kuitumia zamu yako kumweleza mtu wa usalama kilicho ndani.

Halafu mabaki. Hapa ndipo wageni wanapoharibu jina. Mtu akishapata data zake anapanda ndege, na boksi linabaki kwenye friza ya watu, halina mwenyewe. Fundi wa pale haruhusiwi kulitupa hovyo, na kulitunza kunakula nafasi ya mwingine. Kabla hujasafiri, mwandikie mwenyeji barua pepe: kipi unarudi nacho, kipi kinateketezwa pale, nani analipia, na lini. Jibu lake lichapishe, libandike ndani ya kifuniko cha boksi.

Haya, nani ana swali?